Korosho za Guinea-Bissau mbona bei ndogo hivyo, na je, tutume hela?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni kijana wa Newala, familia yetu ina mikorosho tangu enzi za babu. Mimi na wenzangu wawili tumejichanga tukapata shilingi milioni 18. Kuna mtu tumefahamiana naye WhatsApp, anasema yuko Bissau na ana mzigo mpya wa korosho ghafi uliovunwa Novemba, faranga 300 kwa kilo. Nikipiga hesabu haifiki hata shilingi 1,500, wakati sisi mnada wa kwanza wa Oktoba 2024 bei ilivuka 4,000. Anataka tutume nusu ya hela ashike mzigo, halafu mmoja wetu aende kuusimamia. Laki tano ya kufungua faili tumeshatuma. Naomba kujua: hii Guinea ndiyo ile yenye mafuta? Watu wake wakoje, na lugha? Ni kweli ni nchi ya dawa za kulevya na mapinduzi? Na kama korosho yao ni rahisi hivyo, si itakuja kuua bei yetu? Nijibu kwa kirefu tafadhali, maana mzee wangu hataki hata kusikia habari hii."

Marahaba, mwanangu. Nianze na hela kabla ya jiografia, maana hela ndiyo iliyo hatarini leo: hiyo nusu msitume. Sababu ninayo moja, na haihitaji kumjua huyo mtu wala kuchunguza tabia yake. Anasema mzigo umevunwa Novemba. Guinea-Bissau iko kaskazini mwa Ikweta. Mvua zake huanza kama Juni na kukoma Oktoba au Novemba. Mkorosho kule hutoa maua kiangazi kinapokolea, korosho zinaanza kudondoka Machi, zinashamiri Aprili na Mei, na mvua ikirudi msimu umekwisha. Mwezi wa Novemba mkulima wa kule hana cha kuokota, kama wewe usivyo na cha kuokota mwezi wa tano. Ama mtu huyo hajui korosho, ama anazijua vizuri na ameona kwamba ninyi hamjui msimu wa huko. Kwa vyovyote vile hafai kupewa milioni tisa.

Sasa tuje kwenye nchi yenyewe, maana maswali yako ni ya maana hata ukimwondoa huyo rafiki wa WhatsApp.

Afrika ina Guinea tatu, na kuzichanganya ni jambo la kawaida. Yenye mafuta ni Guinea ya Ikweta, iliyotawaliwa na Hispania, iko mbali kule karibu na Kamerun na Gabon. Yenye madini ya boksiti, mji mkuu Conakry, ilitawaliwa na Ufaransa. Hii yako ni ya tatu, iliyokuwa ya Mreno, mji mkuu Bissau, imebanwa kati ya Senegal kaskazini na hiyo Guinea ya Conakry kusini na mashariki, na magharibi ni Bahari ya Atlantiki. Eneo lake ni kilomita za mraba 36,125, yaani mara mbili na kidogo ya Mkoa wa Mtwara, na watu wake ni milioni mbili na ushei. Lakini usiichukue hiyo 36,125 yote kuwa ardhi. Karibu 8,000 kati ya hizo ni maji, na bila kuyaelewa hayo maji hutaielewa bei ya korosho.

Ukiitazama pwani yake kwenye ramani utaona imechanika vipande vipande. Mito ya Cacheu, Mansoa, Geba na Corubal inaingia baharini kwa midomo mipana, na nchi ni tambarare kiasi kwamba hata mahali pake pa juu kabisa hapafiki mita 300. Halafu kuna bamvua. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hapo Bissau hufikia karibu mita tano, na kwa kuwa nchi haina mwinuko, maji ya chumvi yanapanda mitoni hadi mbali sana na bahari. Kijiji unachokiona kwenye ramani kiko kilomita chache kutoka mjini kinaweza kuwa ng'ambo ya mkono wa bahari, na gari likalazimika kuzunguka nusu siku. Mvua zikianza, barabara nyingi za udongo zinakatika. Mnunuzi anayekwenda vijijini anazijua gharama hizo, na anazikata kwenye bei ya mkulima kabla hajamlipa.

Maji hayohayo ndiyo yanayowalisha. Wabalanta, ambao ni miongoni mwa makabila makubwa ya huko, wana ustadi wa kulima mpunga kwenye mikoko ambao mimi naupa heshima kubwa kuliko miradi mingi ya umwagiliaji niliyoiona. Wanafunga kipande cha mikoko kwa tuta refu la udongo linaloinuliwa kwa mkono. Chombo chao ni jembe la mti lenye mpini mrefu na ncha ya chuma, na anayelitumia anasimama kwenye tope. Tuta likikamilika hawapandi kitu. Wanasubiri mvua ya mwaka wa kwanza, wa pili, pengine wa tatu ioshe chumvi kwenye udongo. Maji yenye chumvi wanayatoa kupitia gogo la mvumo lililochimbwa katikati, lililolazwa chini ya tuta: bahari ikipwa wanalizibua, ikijaa wanaliziba. Majaruba hayo wanayaita bolanha. Lakini tuta linataka watu kila mwaka. Vijana wakihamia mjini au wakashinda kwenye mikorosho, tuta likabomoka, chumvi inaingia na jaruba linapotea kwa miaka kadhaa. Kumbuka hilo, maana nitarudi kwenye mchele.

Watu wengine ni Wafula na Wamandinka, wengi wao Waislamu na wako zaidi mashariki na kaskazini, Wamanjaku na Wapapel wa upande wa pwani, na Wabijago wa visiwani. Hivyo visiwa vya Bijagós ni 88 hivi na vyenye wakazi wa kudumu ni kama 20 tu. Kisiwa cha Orango kina viboko wanaoingia mpaka baharini, na Poilão ni mahali ambapo kasa wa kijani hupanda kutaga kwa maelfu. UNESCO iliviingiza visiwa hivyo kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2025. Kwa dini, Waislamu wanakaribia nusu, waliobaki ni Wakristo na wafuasi wa dini za jadi, na nyumba moja kuwa na mchanganyiko si ajabu. Serikali inaandika Kireno, lakini sokoni, kwenye daladala na kwenye mazungumzo ya bei utasikia Krioli, lugha iliyozaliwa na Kireno na lugha za huko. Ukiwa na ndugu ng'ambo ya Ruvuma anayejua Kireno, atasoma mkataba wako vizuri, ila kwenye majadiliano na mkulima hatafika mbali.

Na sisi na watu hao hatujaanza kufahamiana leo. Chama chao cha ukombozi, PAIGC, kiliongozwa na Amílcar Cabral, aliyezaliwa Bafatá mwaka 1924 na kusomea kilimo Lisbon. Mwaka 1953 aliongoza sensa ya kilimo ya koloni hilo, akapita vijiji akihesabu mashamba, na hapohapo akaijifunza nchi atakayokuja kuipigania. Oktoba 1965 vyama vya ukombozi vya makoloni ya Mreno vilikutana Dar es Salaam, FRELIMO ya Msumbiji na PAIGC wakiwa pamoja, na Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake hapohapo Dar. Cabral aliuawa Conakry Januari 1973. Septemba mwaka huo wenzake wakatangaza uhuru wakiwa msituni, Madina do Boé, na Ureno ikaukubali mwaka mmoja baadaye. Zao la biashara la enzi zake lilikuwa karanga, na Cabral aliandika mapema juu ya hatari ya nchi kuegemea karanga peke yake. Sasa hivi korosho ni zaidi ya asilimia 90 ya thamani ya bidhaa wanazouza nje.

Ilikuwaje? Mikorosho ililetwa na Mreno, lakini iliyoifanya ienee ni biashara ya miaka ya themanini, serikali ilipolegeza masharti na wafanyabiashara wakaanza kupeleka mchele vijijini na kurudi na korosho. Fikiria hali ya mkulima mwezi wa nne. Mpunga aliovuna mwishoni mwa mwaka umekwisha au unakaribia kwisha. Tuta la jaruba labda limebomoka. Fedha taslimu hana. Mwenye duka kijijini, mara nyingi Mmauritania aliyehamia huko miaka mingi, ana magunia ya mchele kutoka Asia. Wanabadilishana: mwaka mzuri kilo ya korosho kwa kilo ya mchele, mwaka mbaya kilo mbili au zaidi za korosho kwa kilo moja ya mchele. Mkorosho haudai tuta wala salfa kama unavyodai wa kwako, maana ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu unaoutesa mkorosho wa Kusini, haujawa tatizo kubwa kule. Basi kila familia ikaongeza mikorosho, mashamba ya chakula yakapungua, na kadiri mchele wa kununua unavyohitajika zaidi ndivyo korosho inavyouzwa mapema na kwa haraka zaidi.

Wanaookota ni kina mama na watoto. Mabibo wanayakamua, na kinywaji kinachotokana nayo, ndugu yake uraka unaoujua wewe, kwa kawaida hela yake ni ya mama mwenyewe. Nimelitaja hili kwa sababu mtu akikwambia "korosho zao hazina faida", ujue ndani ya shamba moja kuna mifuko miwili.

Hapo ndipo tunafika kwenye faranga 300. Hesabu yako iko sawa: faranga ya CFA, fedha inayotumika kule, imefungwa kwenye yuro, yuro moja ni faranga 655.957, hivyo 300 ni kama senti 46 za yuro, kwa shilingi zetu 1,350 hivi. Kosa liko kwenye ulichokilinganisha. Hiyo 300 ilikuwa kima cha chini ambacho serikali yao ilikitangaza msimu wa 2024 kwa mkulima, pale chini ya mti, na mwaka uliofuata kikapandishwa. Ile 4,000 yako ni bei ya mnada, korosho ikiwa imeshakusanywa na chama cha msingi, imepangwa daraja, iko ghalani, mnunuzi anachukua kwa pamoja tani nyingi. Kati ya mti na ghala kuna gunia, usafiri, unyaufu, riba na watu wa kati wawili watatu. Huku kwetu kununua kwa mkulima mmoja mmoja kijijini, nje ya stakabadhi ghalani, tunakuita kangomba na unaweza kukamatwa. Kule hiyo ndiyo biashara yenyewe. Serikali imeweka bei ya chini, ina wakala wake wa korosho, inatoa leseni kwa mnunuzi wa kati na nyingine kwa msafirishaji, lakini hakuna mnada wa kijiji unaosomwa hadharani mkulima akisikia kwa masikio yake. Bei unayoitamani ni bei ya kangomba, na umetoka kijiji ambacho kinajua kangomba humfanya nini mkulima.

Halafu kuna tofauti ya wakati. Mwanzoni mwa 2024, bei ya korosho duniani ilikuwa chini, na mkulima wa Bissau aliyebanwa na njaa aliuza hapo. Kisha ikaonekana mavuno ya Afrika Magharibi ni pungufu kuliko ilivyotarajiwa, Côte d'Ivoire ikazuia kwa muda korosho ghafi kutoka, viwanda vya Vietnam vikakosa malighafi, bei ikaruka. Oktoba ilipofika, wanunuzi wale wale wenye njaa ya mzigo wakaja kwenye minada ya Newala na Tandahimba. Unaona? Ile bei iliyokufurahisha ilitokana kwa sehemu na upungufu wa huko unakotaka kwenda kununua.

Hilo linajibu pia hofu yako kwamba watatuua bei. Korosho zao zinaingia sokoni kuanzia Machi, zetu kuanzia Oktoba, na wote tunamuuzia mtu yuleyule, India na Vietnam, kwa sababu wao kama sisi wanabangua kidogo sana nyumbani. Mavuno yao ni kama tani 200,000 kwa mwaka mzuri. Tanzania msimu wa 2024/25 ilivuka tani 500,000. Wa kumtazama ni Côte d'Ivoire, inayozidi tani milioni moja: maghala ya India yakiwa yamejaa mzigo wa huko ifikapo Septemba, mnada wako wa kwanza utakuwa baridi, na yakiwa matupu utachangamka. Ukitaka kuwa mjanja wa korosho kuliko jirani zako, fuatilia habari za mavuno ya Afrika Magharibi kuanzia Aprili. Hiyo haina nauli.

Kuhusu siasa sitakuficha. Tangu uhuru nchi hiyo imepinduliwa mara kadhaa: 1980, 1999 baada ya vita vya karibu mwaka mzima, 2003, 2012, na mara hii ya karibuni Novemba 2025, siku chache baada ya uchaguzi. Rais Nino Vieira aliuawa akiwa madarakani mwaka 2009. Jeshi lililozaliwa na vita vya ukombozi halijawahi kurudi kambini sawasawa, na serikali isiyo na mapato mengi zaidi ya ushuru wa korosho, leseni za uvuvi na misaada haina nguvu ya kulirudisha. Kwa mfanyabiashara jambo zito ni tarehe. Mapinduzi ya 2012 yalitokea Aprili 12, katikati ya kuokota, na msimu wote ukayumba. Siasa inaingia hata kwenye bei: mwaka 2018 rais wao alitangaza kima cha chini cha faranga 1,000, wanunuzi wakakaa pembeni, na baada ya wiki kadhaa ikabidi kishushwe. Wewe wa Newala huhitaji kuelezwa zaidi. Mwaka huohuo, Novemba, wanunuzi wetu walitoa bei ndogo, serikali ikaamua kununua yenyewe kwa 3,300, malori ya jeshi yakaonekana kwenye maghala, na wapo waliosubiri malipo kwa muda mrefu.

Dawa za kulevya, ndiyo, zinapita. Kokeini inatoka Amerika Kusini kwenda Ulaya, na nchi yenye visiwa 88 bila meli za doria, maofisa wenye njaa na viwanja vidogo vya ndege ni kituo kizuri cha kupumzikia. Septemba 2019 walikamata zaidi ya tani 1.8, na Septemba 2024 ndege ndogo iliyotoka Venezuela ilinaswa uwanja wa Bissau na zaidi ya tani mbili na nusu. Ila mkulima wa Bafatá hajui unga huo unafananaje. Linalokuhusu wewe ni la kibenki: fedha inayoingia au kutoka huko huangaliwa mara mbili, na kijana mgeni anayesimamia kontena ambalo hajalipakia mwenyewe anaweza kujikuta anasimamia kitu kingine. Ningekuwa mzee wako, hili ndilo lingeniondolea usingizi.

Haya, tupime njia mlizonazo. Ya kwanza ni kwenda kununua na kusafirisha. Chukua milioni 18 zote, zigawe kwa 1,350: unapata kilo 13,300 na kitu. Kontena dogo la futi 20 linabeba korosho ghafi tani 15 au 16. Maana yake hela yenu yote, kabla ya nauli ya ndege, leseni, magunia, lori, ushuru, bandari na meli, haijazi hata kontena moja, na wenye biashara hiyo wanapakia mamia na maelfu ya tani kwa mkopo wa benki. Mizigo mingine inavushwa kwa magendo hadi Ziguinchor, Senegal, kukwepa ushuru na foleni ya bandari ya Bissau, na huko ndiko mgeni asiye na mtaji husukumwa. Njia hii nakushauri uiache kabisa.

Ya pili, ambayo vijana wengine wameniuliza, ni kuzileta korosho hizo Tanzania zibanguliwe wakati viwanda vyetu havina mzigo, kuanzia katikati ya mwaka. Kwenye karatasi inapendeza, na korosho za Bissau zina sifa nzuri: gunia la kilo 80 hutoa ratili nyingi za kiini kuliko za nchi kadhaa za jirani. Lakini meli inazunguka bara zima, kuna vibali vya afya ya mimea kuhakikisha hatuingizi wadudu na magonjwa, na unyevu wa safari ndefu unaweza kukuletea ukungu. Kiwanda kikubwa chenye benki nyuma yake kinaweza kufikiria. Watu watatu wenye milioni 18, hapana.

Ya tatu ni kubaki Newala na kubangua kidogo. Sikuahidi utajiri. Kilo nne hadi tano za korosho ghafi hutoa kilo moja ya kiini. Mkitumia milioni tisa kwa bei ya 4,000 mnapata tani mbili na robo, ambayo ni kama kilo 500 za kiini, na nyingine zitavunjika. Mafuta ya ganda yanaunguza mikono, moto ukizidi rangi inaharibika, na mnunuzi wa Dar es Salaam anataka nyeupe nzima kwa bei ya vipande. Wabanguaji wadogo wengi wanaanguka kwa kukosa hela ya kununua ghafi msimu ukiwa wazi, siyo kwa kukosa ufundi. Ninyi walau hiyo mnayo, na mnajua mti. Kama mnaiwaza, nendeni kwa miguu yenu Bodi ya Korosho Mtwara mkaulize utaratibu wa mbanguaji mdogo kupata mzigo kihalali. TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, wanaweza kuwaonyesha namna ya kutambua korosho yenye kiini kizuri, na SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana habari za mashine ndogo. Hayo siwezi kukumalizia kwa maandishi, maana mtu anapaswa azione mashine zikifanya kazi na aone korosho zenu zimeshikwa mkononi.

Ya nne: mmoja wenu akitamani kuiona Guinea-Bissau kwa macho yake, aende kujifunza, mwezi wa tano, akiwa na hela ya matumizi tu. Ninyi si raia wa ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, hivyo suala la viza mthibitishe kwenye ubalozi kabla ya kukata tiketi. Cheti cha homa ya manjano kinahitajika, na daktari amwandikie kinga ya malaria. Kwa sasa, hali ya kisiasa ikiwa bado haijatulia baada ya Novemba 2025, ningesubiri.

Na siku yoyote ile mkitaka kununua kitu chochote nje ya nchi, muuzaji halipwi kwa simu. Mnakaa na ofisa wa benki, benki inafungua dhamana ambayo malipo yake yanatoka pale tu nyaraka za meli na za ukaguzi wa ubora zinapofikishwa. Muuzaji wa kweli wa korosho anaujua utaratibu huo na hatashangaa. Anayekataa anakuwa amekujibu.

Sasa ile laki tano. Biashara ya korosho haina ada ya "kufungua faili" inayotumwa kwenye namba ya mtu binafsi. Msimwambie lolote kwanza, maana akijua mmeshtuka atafuta mazungumzo. Pigeni picha ujumbe wote, na sauti mzihifadhi, pamoja na namba yake na risiti ya muamala. Leo hii mmoja wenu aende kwenye duka la huduma la mtandao mliotumia au benki, aombe muamala uzuiwe kama bado haujatolewa. Kama namba iliyopokea ni ya hapa Tanzania, ipelekeni kwenye 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, halafu mfike kituo cha polisi mkafungue jalada na kupewa namba yake. Nendeni wote watatu na mzee awe pamoja nanyi. Kama akiwapigia tena akidai laki nyingine ya "cheti cha ubora" ili mzigo usiuzwe kwa mtu mwingine, mwacheni auze.